Mkate wa Guinness ni sanaa, mkate wa mnazi ni ulevi? Kwani vipi?

Wiki jana niliweka vidio nikioka mkate wa brauni wa Ireland, ule wa kutiwa bia nyeusi. Watu wakaupenda balaa. Mpaka mzee mmoja wa kanisa letu akaniandikia, "Hongera kijana, Mungu akuinue." Siku nne baadaye nikaweka nyingine. Sufuria ile ile, mkaa ule ule, unga ule ule wa atta. Tofauti ni kwamba badala ya Guinness nilitia mnazi. Mama alikuwa Malindi sokoni, akanipigia simu hata nusu saa haijaisha: "Toa hiyo kitu. Watu wanaangalia."

Sijaitoa. Leo nasema kwa nini, na katikati nitawapa njia ya kuoka mikate yote miwili. Kwa hivyo hata ukikasirika, hutaondoka mikono mitupu.

Kwa wageni hapa: mimi ni wa Kakuyuni, hii barabara ya kutoka Malindi kwenda Sala Gate. Chuo niliacha mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea mambo ya hoteli, karo ikanishinda, hadithi imeisha. (Wale wa "rudi shule kwanza" najua mko njiani, karibuni.) Kitu kimoja nilichotoka nacho ni huu mkate. Nilipelekwa kufanya mafunzo ya kazi kwenye hoteli moja Watamu, na mpishi mkuu pale alikuwa akiuoka kila Jumamosi. Mweusi mweusi hivi, mzito, unanukia kama kahawa na molasi. Wageni wanaula na siagi na vipande vyembamba vya sulisuli wa kuvuta moshi. Mimi nilikuwa nakula zile ncha zinazobaki, nimesimama nyuma ya mlango wa jiko, na naapa sijawahi kula mkate mtamu kama ule.

Siku moja nikamuuliza, "Chef, na tukitia mnazi je?" Jiko zima likacheka. Akaniambia, "Kijana, hapa tunapika chakula, hatupiki pombe ya kienyeji." Na chupa ya bia iko mkononi mwake, anaimimina kwenye unga! Nikanyamaza, si unajua ukiwa kwenye mafunzo huna mdomo. Lakini lile jambo halikunitoka.

Sasa tuuangalie mkate wenyewe, manake wengi mnadhani ni mambo ya mabwanyenye. Mkate wa brauni wa Ireland ni mkate wa watu maskini. Ngano ya kule ni laini, haina ule mvuto wa kuubeba mkate wa hamira vizuri. Miaka ya 1830 na kuendelea, soda ya kuokea ilipoanza kupatikana kwa bei nafuu, mama wa kijijini akagundua kwamba akichanganya unga wa ngano nzima, soda, chumvi, na yale maziwa machachu yanayobaki baada ya kusukwa siagi, anapata mkate bila kukanda na bila kungoja. Oveni nyumbani hakuna. Alichokuwa nacho ni chungu cha chuma chenye kifuniko, kinaitwa bastible. Anatia mkate ndani, anaweka chungu motoni, halafu anapanga makaa juu ya kifuniko.

Makaa juu, makaa chini! Niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Si ndivyo mama zetu wanavyooka mkate wa mayai na mkate wa sinia Pwani nzima? Huyu bibi wa Ireland angekuja leo Kakuyuni, ungempa jiko la mkaa, sufuria nzito na bati la kufunikia, na asingeuliza swali hata moja.

Ile bia nyeusi iliingia baadaye kama kiungo. Inaleta rangi na uchungu, kwa sababu shayiri yake imekaangwa mpaka ikawa nyeusi kama buni. Mkiweza kunywa kahawa chungu na tende, huu mkate mtauelewa.

Hivi ndivyo ninavyofanya mimi. Vikombe viwili vya atta, kikombe kimoja cha unga mweupe, nusu kikombe cha oti ukiwa nazo (usipokuwa nazo ongeza atta). Kijiko kimoja na nusu cha chai cha soda ya kuokea, na niwasihi, si magadi ya kupikia maharagwe, hiyo ni kitu kingine na mkate utaonja sabuni. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Sukari guru vijiko vitatu vikubwa, uiyeyushe na mafuta kidogo. Wenzetu wanatumia molasi, ila sukari guru ni tamu zaidi na iko kila duka. Bia nyeusi kikombe kimoja, uiache ipoe mapovu. Maziwa lala kikombe kimoja kasoro kidogo. Changanya vitu vikavu, mwaga vya maji, koroga kwa mwiko mpaka unga usionekane, acha. Usikande. Utapata kitu kama uji mzito wa mtama. Mimina kwenye bati lililopakwa mafuta, liweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, funika, makaa machache chini na mengi kidogo juu. Dakika hamsini hivi. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu umemaliza.

Mkate wangu wa kwanza ulikuwa tofali. Nilikuwa nimezoea maandazi, nikauacha uumuke saa nzima. Soda haingojei mtu. Ikikutana na uchachu wa maziwa inatoa gesi papo hapo, na usipokimbilia motoni ile gesi yote inakwenda zake. Wa pili niliweka makaa juu kama nachoma mahindi, ukaungua juu na ndani ukabaki ugali. Wa tatu ndio mlioupigia makofi.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Ile Guinness, katika kuuinua huo mkate, haifanyi karibu chochote. Imechujwa kiwandani, chachu iliyoichachusha haiko hai tena. Ina uchachu kidogo wa kuisaidia soda, lakini kazi yenyewe inafanywa na soda na maziwa lala. Bia iko pale kwa ladha, rangi, na tuseme ukweli, kwa jina. Chupa ni karibu shilingi mia tatu.

Mnazi je? Mnazi uko hai. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata ncha ya karara kwa kotama, unyevunyevu tu, maji matamu yanadondoka kwenye kibuyu. Chachu za hewani na za kwenye kibuyu zinaingia zenyewe, na kabla hajashuka chini kazi imeshaanza. Ukiweka sikio kwenye jagi la mnazi wa asubuhi unasikia unanong'ona. Hiyo ni hamira! Kabla hamira ya pakiti haijafika madukani, watu wa Pwani waliumulia nini vitumbua na mikate yao? Tembo la mnazi. Na si sisi peke yetu. Goa kuna mikate ya mchele ya mvuke inaitwa sanna, inaumuliwa kwa tembo la mnazi. Sri Lanka wana appa, zile chapati nyembamba zenye umbo la bakuli, tembo hilo hilo. Bahari moja, akili moja. Huko ni urithi wa upishi, watalii wanapanga foleni. Kwetu ni "toa hiyo kitu".

Mimi nimejifunza kwa hawe, bibi yangu mzaa baba. Nilimpelekea kipande cha ule mkate wa Ireland. Akautafuna polepole, akasema mtamu, halafu akauliza umeumuka kwa nini. Nikamwambia soda. Akaguna. Akasema wao walipokuwa wasichana walikuwa wakitumwa kuchukua mnazi wa alfajiri, ule haujawa mkali bado, wanauchuja, wanachanganyia unga wa mchele na tui, wanafunika na kanga mpaka jua lifike juu. "Ukingoja mpaka jioni," akaniambia, "utakula siki." Chuo nilikaa mwaka mmoja na nusu, hakuna mtu aliyenifundisha tofauti ya mnazi wa saa moja asubuhi na wa saa kumi. Yeye aliifupisha kwa maneno matano.

Kwa hivyo mkate wa pili ni huu. Atta vikombe viwili, unga mweupe vikombe viwili, sukari guru vijiko vitatu, chumvi. Mnazi wa asubuhi uliochujwa kikombe kimoja, tui zito nusu kikombe. Huu unakandwa, dakika kumi, mkono uchoke. Funika, weka mahali penye joto (Kakuyuni ni popote). Saa nne hivi. Hawe anabonyeza kwa kidole, shimo likirudi polepole uko tayari, likibaki vile vile umechelewa. Makaa juu, makaa chini, dakika arobaini na tano. Unatoka mwekundu, laini ndani, una harufu ya nazi na uchachu wa mbali. Mimi nimeila yote miwili siku moja, na wa mnazi ni mtamu zaidi. Nimesema.

Sasa kwa nini mama yangu aone haya?

Nitawaambia kitu ambacho sikukisema kwenye vidio. Wiki ile ile niliyotoka dukani Malindi na chupa yangu ya Guinness ndani ya mfuko wa karatasi, na mlinzi wa mlangoni akanitakia siku njema, ndiyo wiki ambayo baba mdogo alimwagiwa mnazi wake. Yeye ni mgema. Walikuja watu wa msako saa tatu asubuhi, wakamwaga mitungi mitatu pale pale chini ya mti. Mchanga ukanywa wote. Baba mdogo hanywi pombe, sijui kama mnaelewa. Ameokoka toka mimi sijazaliwa. Anagema kwa sababu baba yao aliwaachia minazi kumi na saba na hakuwaachia kitu kingine. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye ile minazi. Na mihula yangu michache ya chuo pia. Mama anajua, ndiye aliyekuwa akipokea zile pesa, noti zinanukia mnazi.

Ndiyo maana nilipoambiwa niitoe ile vidio nilishindwa. Naona kama naambiwa nimfiche baba mdogo.

Najua mtakachosema. "Pombe za kienyeji zinaua." Kweli, Februari 2024 kule Kirinyaga watu walikufa kwa pombe yenye sumu, na baada ya hapo serikali ikatangaza msako nchi nzima. Lakini ile ilikuwa pombe ya kuchanganywa na kemikali. Mnazi hauchemshwi, hauongezwi kitu, unatoka mtini. Kumuadhibu mgema wa Kakuyuni kwa kosa la mtu wa kemikali ni sawa na kumpiga faini muuza maziwa kwa sababu mtu fulani ameuza petroli mbaya. Sheria yenyewe, ile ya 2010 ya kudhibiti vileo, ilifungua mlango kwa vinywaji vya kienyeji, ila kwa leseni na viwango na ufungashaji. Umewahi kujaribu kufunga mnazi kwenye chupa? Unaendelea kuchachuka, kifuniko kinaruka mpaka darini. Viwango viliandikwa na mtu anayewaza bia ya kiwandani, na baba mdogo hawezi kuvifikia hata akiamka saa tisa usiku.

Na ulevi upo, siukatai. Kuna vijana niliosoma nao msingi ambao ukiwapata saa sita mchana huwezi kuongea nao. Kuna mama wanaopigwa. Nimeona, sihadithiwi. Lakini hao hao wakipata pesa mwisho wa mwezi wanahamia bia, na hakuna anayekwenda kumwaga bia. Pia, samahani wazee wa kanisa, wakati wa mahari mnadai kadzama ya mnazi, na bila kadzama maneno hayaendi. Siku hiyo ni mila. Kesho yake ni dhambi. Mimi nikiutia kwenye unga ni aibu.

Kuna kosa langu mimi pia, na hili silirembi. Kwenye vidio ya kwanza nilisema, kwa kujiamini kabisa, "Msijali, pombe yote inapaa na moto." Si kweli. Nimekuja kusoma: idara ya kilimo ya Marekani ina jedwali, na chakula kilichochanganywa na pombe kikaokwa saa nzima bado hubaki na karibu robo ya kilevi chake. Kikombe kimoja cha bia, mkate wa vipande kumi na viwili, robo yake: hakuna mtu atakayelewa, hata mtoto. Lakini kwa mtu ambaye kwake ni haramu, hesabu yangu ya vipande haimhusu.

Na nilikuwa nimempa mtoto wa jirani yetu, Waislamu, kipande kizima na siagi juu. Nilipojua, nilikaa siku mbili na lile jambo tumboni. Mwishowe nikaenda, nikabisha hodi, nikamwambia mamake. Alinyamaza muda mrefu, anapepeta mchele. Kisha akasema, "Umeniambia, limekwisha. Mara nyingine uliza kwanza." Nikataka kuanza kumweleza kwamba hata mkate wa hamira wa dukani unatoa kilevi kidogo ukiumuka. Nashukuru Mungu nilifunga mdomo. Si kila ukweli ni wa kujitetea.

Kwa hivyo tangu sasa, kila mkate wangu nitasema una nini, bia au mnazi, kabla mtu hajatia mdomoni. Kwa wasiotaka chochote kati ya hivyo, ule wa kwanza unakubali maziwa lala vikombe viwili kasoro na kijiko cha kahawa nyeusi kwa ajili ya rangi. Nimeujaribu. Jirani amepelekewa, ameula, ameomba mwingine wa futari.

Na wale wa hoteli za Watamu na Malindi mnaonifuata hapa kimya kimya, nawaona. Mkate huu ukiuweka mezani na sulisuli wa moshi, mgeni hataukataa. Muuzieni kwa jina lake, mkate wa mnazi. Mnazi nunueni kwa mgema kwa bei ya haki, mkimlazimisha awe na leseni basi msaidieni kuitafuta. Sijaomba kazi. Naomba tu chupa ile ya Guinness na kibuyu kile cha baba mdogo vikae kwenye kaunta moja.

Jana mama alirudi, na jioni akaja na wenzake watatu wa kikundi cha akina mama. Nilikuwa nimeacha mkate wa pili mezani, umefunikwa na sahani. Wakaula na chai, wakaumaliza wote. Mmoja akauliza huu umeumuliwa kwa nini, mbona laini hivi. Mimi niko mlangoni. Mama akanitazama, akatazama chai yake.

"Muulizeni mwenyewe," akasema. "Ndiye anayejua."